UCHAFU TULIOUTOA, TUMPE NANI?

Leo tunauliza swali lililozaliwa garajini, lakini halikuishia humo.

Kamionete yetu ilizimika katika mpando wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, ikibeba watu na magunia ya mihogo. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu upesi, na bonde liko palepale. Esanse tuliyonunua kando ya barabara, kwa mmoja wa wale wanaoitwa Kadhafi, ilikuwa na maji.

Gari likavutwa hadi Bukavu. Fundi akatuambia: “Wazee, kubadili filtre peke yake ni kujidanganya. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini ya tangi, na pompu inavuta kutoka chini. Filtre mpya itachafuka kesho.” Akafungua nyaya za betri, akakataza moto na sigara, akatoa esanse yote. Akashusha tangi, akaliosha kutu, akapuliza mabomba, akasafisha karibureta. Filtre mpya ilikuja mwisho.

Yakabaki madumu mawili ya esanse mbaya. Kijana mmoja akaja: “Papa, niuzie. Nitaichanganya na nzuri, hakuna atakayejua.” Mwenzetu akasema: “Sisi pia tulidanganywa. Tulivyoipokea, tuitoe vivyo hivyo.”

Ndugu msomaji, ungejibu nini? Neno hilo lina sura ya haki, maana hasara ilikuwa yetu kweli. Lakini anayetudai na tunayemdai si mtu yeyote apitaye njiani. Deni letu liko kwa yule aliyetuuzia. Kumrudia na kumdai ni haki. Kulipwa na mtu asiyetukosea ni wizi wa pili. Na pengine huyo aliyetuuzia naye aliipokea hivyo, akasema maneno yale yale. Kila aliyeumizwa akimpa jirani, uchafu hauishi. Unahama tangi tu, mpaka siku moja uzime gari lingine mlimani, wala mawe yasipatikane.

Mwingine atasema: “Tumweleze kijana ukweli, kisha tumuuzie.” Ukweli ni mwema. Lakini yeye alikwisha kutuambia nia yake. Kumuuzia ni kudanganya kwa mkono wake.

Tuliacha madumu yatulie siku mbili, mbali na moto. Maji yakashuka chini. Esanse ya juu fundi aliitumia kuoshea vyuma. Kama ingechanganywa na petroli ya taa, isingetengana hivyo. Ya chini hatukuimwaga mferejini, kwa kuwa mfereji ule unashuka Ziwa Kivu; ilifungwa ndani ya dumu garajini.

Tulipoteza franka, na mwenzetu alinung’unika juma zima. Lakini hatukumtafutia mtu mwingine hasara yetu. Je, wewe una uchafu gani uliopewa, na unatafuta wa kumpa?