Khanga ya Mgombea

Shangazi yangu aliwahi kukataa khanga. Ulikuwa msimu wa kampeni, kijijini kwake, nje kidogo ya mji wa Karatu, na aliyeileta ni jirani yake, wanajuana tangu wakiwa wasichana. Doti nzima, bado inanukia duka. Chama sitakitaja. Shangazi akasema asante, lakini mimi ninazo za kunitosha. Basi. Hakuna aliyegombana na mtu. Ila kuanzia wiki ile jirani hakumtuma tena mtoto kufuata maziwa, na baada yake nyumba nyingine mbili tatu.

Nalikumbuka hili kila nikikaa na watu wa mjini wakatoa ile hukumu yao: wanakijiji wanauza kura kwa sahani ya pilau. Kwa Karatu hukumu hiyo haisimami. Mwaka 1995 Willibrod Slaa, aliyekuwa padri, alikosa uteuzi wa CCM, akahamia CHADEMA, na jimbo likamfuata. Likamrudisha bungeni 2000 na 2005. Alipokwenda kugombea urais 2010, Karatu ikamchagua Israel Natse, na 2015 Willy Qambalo, wote wa CHADEMA. Jimbo lilirudi CCM 2020, katika uchaguzi ambao CHADEMA iliyakataa matokeo yake. Ni miaka 25 hiyo, na pilau la kampeni lililiwa miaka yote, fulana zikavaliwa, malori ya kwenda mikutanoni yakajaa. Mitaani kulikuwa na msemo: kula kwao, kura kwetu.

Nilikuwa naupenda sana msemo huo. Niliuona kama ujanja wa sungura, mnyonge kamzidi akili fisi. Lakini ukiutazama vizuri, una uongo ndani yake. Anayekula anatabasamu, anapiga vigelegele, anamwacha mwenye pilau aamini. Na sisi tumelelewa kwamba fadhila za punda ni mateke. Je, mpiga kura huyu ndiye punda?

Sheria yenyewe iliwahi kujikwaa hapo. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kijadi uliotolewa kwa nia njema usihesabiwe rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, ikavifuta vifungu hivyo. Hoja mojawapo ni kwamba mgombea maskini hana cha kukirimu watu. Hoja nzuri, lakini inamtazama mgombea. Mimi namtazama anayekaribishwa. Ukarimu wa kweli unamwachia mgeni nafasi ya kusema nimeshiba. Shangazi alisema ameshiba, akapoteza wateja.

Kura ni siri, tunaambiwa, na kweli ukiwa ndani ya kituturi hakuna anayekuona. Lakini kijiji kina macho. Kituo kimoja kina wapiga kura mia chache tu, matokeo yanabandikwa ukutani palepale, na watu wakishasoma idadi kinachobaki ni kukisia zile kura za upande wa pili ni za nani na nani. Anayekataa khanga amewapunguzia kazi. Amepiga kura hadharani, mlangoni kwake, kabla hata ya siku yenyewe. Kumbe kuipokea nako ni namna ya kuilinda siri.

Sasa aliyeipokea, akaivaa, akaenda kupiga kura kwingine, amedanganya? Kant alishikilia kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, usimdanganye. Sawa, ila Kant hakuwa anauza maziwa kwa majirani. Mimi naona uongo humdhulumu yule anayestahili kuambiwa ukweli, na mgombea hastahili kuijua kura yangu. Akija kuitafuta kwa mlango wa nyuma, khanga kwapani, halafu akadanganyika, hajanyang'anywa kilicho chake.

Anayenisumbua ni jirani. Yeye si mgombea. Kapewa mzigo augawe, pengine naye kwa shida zake, na alipofikiria nani aanze naye akamfikiria rafiki yake. Huenda alikuja kwa moyo mweupe kabisa. Mgombea hata jina la shangazi halijui. Tabasamu la uongo, kama lingekuwepo, lingempata huyu mama. Na kule kukataa pia kulimpata yeye. Msemo wetu unadhani kuna "wao" na kuna "sisi", na kwamba mpaka unaonekana. Kijijini kwa shangazi "wao" ni mtu unayechota naye maji. Hapo hoja yangu kuhusu mgombea hainisaidii, nami sijapata nyingine.

Uchaguzi uliofuata jirani alikuja tena na doti, na safari hii shangazi akapokea. Nilipokwenda kumsalimu nikamkuta kajifunga moja kiunoni, rangi za chama zinawaka.

"Shikamoo shangazi. Naona umehama chama."

"Marahaba. Nimehama nini? Hii kanipa jirani."

Nikamuuliza, kwa hiyo kura je? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa umri wake, akachukua ndoo akaenda kukamua. Mtoto wa jirani alikuwa ameshafika, amekaa kizingitini na kidumu chake.