Ameridhia au Amekubali Yaishe?

Kuna ripoti ya Kiingereza niliwahi kupewa niitafsiri, ya mradi mmoja huku kwetu Mtwara. Sentensi moja ilinigandisha karibu saa nzima. Ilisema wanakijiji 'embraced' mradi. Nikaandika "wameukumbatia mradi", nikafuta. Sisi tunakumbatia mtoto, au ndugu aliyepotea miaka. Tena mdomoni mwa wanasiasa neno hilo mara nyingi ni lawama: fulani anakumbatia mafisadi.

Nikabaki na mawili, kukubali na kuridhia. Ukiyatazama juu juu ni ndugu. Lakini hebu yatie kwenye sentensi. "Amekubali shingo upande" ni Kiswahili safi. "Ameridhia shingo upande"? Sikio linagoma. "Kakubali yaishe" tunasema kila siku. "Karidhia yaishe" sijaisikia popote, hata kijiweni. Mtu anaweza kukubali kwa mdomo huku moyo umebaki nje. Kuridhia kunataka moyo nao uwemo. Katiba nayo, ikifika kwenye mikataba, inalipa Bunge kazi ya kuridhia (wabunge nao wana shingo zao, tuyaache hayo).

Huku kwetu tofauti hiyo si ya kamusi tu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Lilipokuja suala la kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba la kilomita 500 na ushee, watu waliandamana Mtwara mjini, tarehe 27 Desemba 2012. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, mji ukawaka. Watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Bomba likajengwa, na mwaka 2015 likazinduliwa.

Siku hizi hakuna anayeandamana. Je, ndiyo kuridhia? Nilimuuliza mzee mmoja kule Msimbati, tumekaa kivulini kwake.

"Mjukuu wangu," akasema, "bomba limeshafukiwa. Nikatae nini sasa?"

Hapo ndipo ninapokwama. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema hapana, ndiyo yake tuiiteje? Naona anayeandika hana haki ya kumvika neno la moyoni kwa sababu tu amenyamaza. Kimya chake ni chake.

Kwenye tafsiri yangu niliandika: "Wanakijiji hawakupinga." Ripoti ilipochapishwa nikaifungua kuitafuta sentensi ile. Ilisomeka: "Wanakijiji wameridhia."