Sayyida Salme na Siri ya Nyoyo

Jioni moja hapa Kimandolu, Mlima Meru ukiwa umejitanda mawingu, nilimaliza kusoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, ambaye alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na ambaye baadaye, mwaka 1867, alibatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Wapo wamwitao murtadi, wapo wamwitao shujaa. Nami naamini kwa yakini kwamba yaliyomo moyoni mwa mja hayasomwi na kadhi, wala padri, wala msomaji wa kitabu. Alifariki Jena mwaka 1924, na miongoni mwa vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa Unguja.