Tusi Linapoletwa Nyumbani



Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao huenda shule na daftari, nao hurudi na daftari na matusi. Ni kweli. Shuleni hukutana watoto wa kila nyumba, na kila mmoja huja na maneno aliyoyaokota kwao, njiani, kituo cha basi, au katika simu ya mkubwa wake. Hatuwezi kuziba masikio ya watoto. Basi tujiulize: mtoto akileta tusi nyumbani, tulipokeeje?

Wengi hushika fimbo kwanza. Lakini mtoto wa darasa la kwanza au la pili mara nyingi hajui maana ya neno alilotamka. Amelisikia, ameona wenzake wanacheka, naye amelirudia. Akipigwa bila kuelezwa, hujifunza jambo moja tu: maneno kama hayo yasisemwe mbele ya baba na mama. Kesho atayasema nyuma ya madarasa, na maana yake ataipata kwa hao hao waliomfundisha kuyatamka. Hapo hatukuliondoa tusi. Tumemfundisha mtoto kutuficha.

Afadhali tumwite kando, tumwulize kwa upole: "Mwanangu, neno hili umelisikia wapi? Unajua maana yake?" Kisha tumweleze, kwa kadiri ya umri wake, kwamba neno hilo linaudharau mwili aliouumba Mungu, au linamvunjia heshima mama wa mtu. Akilirudia huku anajua, ndipo aonywe na kuadhibiwa kwa haki.

Wazee wetu walijua kutenganisha utani na tusi. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani, wala hakuna anayekasirika, kwa kuwa kila mmoja anamjua mtani wake na anaujua mpaka. Utani huwafariji waliofiwa. Tusi hutafuta wa kumwumiza. Watoto wetu wafundishwe tofauti hiyo, wasije wakasema, "Nilikuwa natania tu."

Liko jambo gumu zaidi. Matusi mengi ya watoto humlenga mama. Mtoto mwema husikia mama yake akitajwa vibaya, hasira humpanda, hurusha ngumi, naye hudhani ametii amri ya tano. Tumwambie wazi: heshima ya mama yako haikai kinywani mwa mwenzako, kwa hiyo mwenzako hawezi kuiondoa. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatukumbusha kwamba Bwana wetu alitukanwa na watu, wala hakuwajibu kwa lugha yao. Mtoto aseme, "Kwetu hatusemi hivyo," aondoke, akamwambie mwalimu. Huo si woga. Kuuzuia mkono kwahitaji nguvu kuliko kupiga.

Kazi hii asiachiwe mwalimu peke yake, wala mama peke yake. Mama Mary Sumner alipoanzisha Mothers' Union huko Uingereza mwaka 1876, alitaka akina mama wasaidiane kuwalea watoto katika njia ya Bwana. Nasi akina baba na wadhamini wa ubatizo tuna sehemu yetu. Baba anayemtukana kondakta wa basi huku amemshika mwanawe mkono, amekwisha kumfundisha somo. Yakobo anashangaa kwamba kinywa kile kile humsifu Mungu na kuwalaani watu, kana kwamba chemchemi moja yaweza kutoa maji matamu na machungu. Watoto wanatusikia tukiimba Jumapili. Wanatusikia na Jumatatu pia.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jioni ya leo, kabla ya sala ya nyumbani, tuwaulize watoto wetu wamesikia nini shuleni, nasi tuwasikilize mpaka wamalize.

Bwana azilinde ndimi zetu na za watoto wetu. Amina.