Baba Yake Anafanya Kazi Gani?

Kwa akina mama wengi wa Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, munganga wa watoto ni mtu wa kuandika dawa. Hupima joto, husikiliza kifua, kisha karatasi inakwenda farmasi. Mimi namheshimu zaidi yule anayeuliza maswali yasiyo na dawa: jana mlipika nini, maji mnachota wapi, baba yake anafanya kazi gani.

Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa munganga wa watoto kule Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa wa kuvimba uliowapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi matupu. Aliufahamu kwa kuwasikiliza akina mama, waliokuwa wakiujua kabla yake. Sisi tunaoishi kwa bukari ya mahindi tusimsome kama habari za mbali.

Lakini hapa Lubumbashi, swali la kazi ya baba ndilo zito. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za mji wetu kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho. Uliongozwa na Daan Van Brusselen, munganga wa watoto wa Ubelgiji, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), akiwemo Toni Lubala Kasole na mtaalamu wa sumu Célestin Banza Lubaba Nkulu. Walipima metali, kobalti ikiwemo, katika mkojo wa akina mama na katika damu ya kitovu, wakakuta viwango vilivyo miongoni mwa vikubwa kuwahi kuripotiwa kwa wajawazito. Hata hivyo kilichojitokeza zaidi ni jibu la mdomo tu: baba alipokuwa na kazi ya migodini, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano. Hilo halithibitishi kwamba kobalti ndiyo yenye hatia. Linatuonyesha pa kuangalia, na ni nani angepaangalia kama hakuna aliyeuliza?

Swali hilo lina uchungu wake, maana mji huu uliwahi kuuliza. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, na daktari wake Léopold Mottoulle, iliwapima kilo watoto wa kambini na kufuatilia wanachokula. Haikuwa huruma. Kampuni ilichoka kuleta wafanyakazi kutoka mbali, ikaona afadhali wazaliwe hapahapa. Mtoto alipimwa kama mali, lakini alipimwa. Gécamines, kampuni ya serikali, ikarithi hospitali, shule na posho ya unga; kisha ikaporomoka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakalipwa waondoke. Leo anayenunua mfuko wa mawe kwa mchimbaji wa mikono hana haja ya kujua kama mtoto wa mchimbaji huyo ameota meno.

Mzigo huo wa kuuliza umemwangukia munganga wa watoto, bila bajeti ya kampuni. Sishangai kwamba mtu kama Profesa Oscar Luboya Numbi, aliyebobea katika magonjwa ya watoto, alifundisha pia afya ya umma hapo UNILU. Kitanda cha wodi ni kifupi mno kwa mambo haya.

Ningependa kadi ya kupimia kilo iwe na mstari wa kazi ya baba, na ya mama pia, kwani wapo akina mama wanaoosha na kuchambua mawe ya madini. Najua foleni zilivyo asubuhi. Munganga atasema hana muda, na ana haki. Lakini baba akijibu kwamba anachimba, kuna la kumwambia palepale: avue nguo za kazi nje, aoge kabla ya kumpakata mtoto, mifuko ya mawe asiihifadhi katika chumba anamolala mjamzito. Ya machimbo yanayozidi kusogelea nyumba za watu si ya munganga. Hayo aulizwe gavana.