Mwenye Vipimo Viwili

Nauza mahindi, maharagwe na ndengu Kawangware, si mbali na kituo cha 46. Katika juzuu ya Amma, sura ninayoisoma kwa kusimama kila aya ni ya 83, Al-Mutaffifin. Wengi wetu tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo, na tulipokua tukaiweka kando kwa kudhani inawahusu wezi wa mizani peke yao. Mimi naiona inawahusu watu wenye vipimo viwili, na hao ni wengi kuliko wezi.

Ina aya 36. Zile za mwanzo zinatoa onyo kali kwa watu ambao wakijipimia kutoka kwa wenzao hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Tazama kwamba kutaka haki yako ikamilike si dhambi. Nikinunua gunia la mahindi kutoka Kitale nalipima, na hakuna sheikh atakayenilaumu. Lawama inaanza pale mkono uleule uliodai ukamilifu asubuhi unapopunguza jioni. Mtu huyu anaujua uadilifu vizuri kabisa, kwa sababu huudai kila siku. Hawezi kusema hakuelewa.

Hapa sokoni kisa chake tunakiona wazi. Dalali anakwenda Nyandarua kununua viazi, na gunia lake halifungwi mdomoni. Linaongezewa kilemba cha wavu juu mpaka linaitwa mkorino, kama muumini wa Akorino aliyevaa kilemba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini vilemba bado nimeviona vikishuka kwenye malori. Viazi hivyo vikifika mjini, vinauzwa kwa ndoo iliyopangwa kwa ustadi ili katikati pabaki nafasi. Nafaka nazo zina gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Kitako kikigongwa kwa nyundo kiingie ndani, mama aliyetumwa na watoto wanne wenye njaa anarudi nyumbani akiwa na upungufu wa konzi moja. Wengine hawagongi, wanaingiza kidole gumba ndani ya mkebe wakati wa kuchota, au wanamimina haraka bila kutikisa punje zikae. Ni konzi moja tu, na ndiyo maana hakuna anayepiga kelele.

Wanachuoni wamehitilafiana sura hii ilishuka wapi: wako wanaosema ni ya Makka, wako wanaosema ni ya Madina, na wako wanaoiweka katika safari ya Hijra. Riwaya inayojulikana zaidi ni ya Ibn Abbas. Anasema Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, watu wake walikuwa miongoni mwa wabaya kabisa katika vipimo, Mwenyezi Mungu akateremsha sura hii, wakatengeneza vipimo vyao. Riwaya nyingine, ya mfasiri Suddi, inamtaja mtu wa Madina aitwaye Abu Juhayna, ambaye alikuwa na vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kimoja cha kutolea. Nikisoma jina hilo huwa naona uso wa mtu ninayemfahamu.

Inasaidia kuukumbuka mji wenyewe. Makka ilikuwa ya wafanyabiashara wa misafara, waliopima fedha kwa mizani. Madina ilikuwa ya wakulima wa tende na shayiri, waliopima kwa chombo. Iko hadithi inayosema kwamba mizani ya kufuatwa ni ya watu wa Makka na kipimo cha kufuatwa ni cha watu wa Madina. Mji uliokuwa na sifa mbaya ya vipimo ukawa ndio unaoshika kipimo cha umma mzima. Mpaka leo zaka ya fitri tunaitoa kwa pishi ya Madina, vibaba vinne, na kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Kwa kilo ni kama mbili na nusu au zaidi, kwa hiyo gorogoro moja haitoshi hata ikiwa nzima, sembuse iliyogongwa.

Dagoretti, eneo letu hili lenye Kawangware, nayo ina deni la zamani katika jambo hili. Mwaka 1890 afisa Mwingereza Lugard alijenga hapa kituo cha kampuni ya Waingereza, baada ya kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa hapa. Misafara ya kwenda Uganda ilihitaji vyakula vya mashamba ya Wakikuyu, na wapagazi walipewa posho yao kwa kibaba. Baada ya muda watu wa kituo na wa misafara wakawa wanachukua chakula na mifugo bila kulipa. Wenyeji wakakasirika, na mwaka 1891 kituo kikahamwa kisha kikachomwa. Wapagazi wengi walitoka pwani na Unguja, na wako waliokuwa Waislamu. Naumia nikifikiri kwamba mtu alihesabu posho yake punje kwa punje, akanung'unika ikipungua, kisha akaingia shamba la mwenzake akavuna bure.

Baada ya vipimo, sura inahamia kwenye daftari za matendo, Sijjin ya waovu na Illiyyin ya wema, na katikati, aya ya 14, inasema yale waliyoyachuma yameifunika mioyo yao. Mtume aliieleza kwa nukta nyeusi inayoingia moyoni kwa kila dhambi. Mtu akitubu moyo husafishwa, akirudia nukta huongezeka mpaka moyo ukafunikwa wote. Ndiyo hesabu ya konzi: haionekani ikiwa moja.

Mwisho wa sura ndio unaowashangaza wengi. Kutoka kwenye vibaba tunajikuta kwa watu wanaowacheka waumini, wanaokonyezana wakipita, wanaorudi kwao wakitaniana na kusema hao wamepotea. Aya inajibu kwamba hawakutumwa wawe walinzi wao. Kuna uhusiano gani na soko? Kwangu mimi ni jambo lilelile. Anayemdharau mwenzake anampimia utu kwa mkebe uliogongwa, na yeye mwenyewe akitaka heshima, anataka ijae mpaka imwagike. Imam Malik alisimulia katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab alimwambia mtu aliyekosa swala ya alasiri kuwa amepunguza kipimo, na Malik akaongeza kuwa kila jambo lina kutimiza na kupunguza. Basi humo limo pia suala la bosi anayehesabu dakika anazochelewa mfanyakazi wake wa nyumbani lakini hahesabu saa anazomzidishia usiku.

Ninapolisema hili, jirani zangu wa soko hunijibu kwamba ndivyo soko lilivyo, na ukipima kamili peke yako utafilisika. Nawaelewa, kwa sababu kodi ya kibanda hailipwi kwa nia njema. Lakini riwaya ya Ibn Abbas haizungumzi juu ya mfanyabiashara mmoja aliyetubu. Inazungumza juu ya mji mzima uliobadilika kwa pamoja, ndipo asiwepo wa kufilisika kwa ajili ya haki. Kwa hiyo nimewaomba wazee wa soko na maimamu wetu jambo dogo: tuning'inize gorogoro moja nzima langoni, imefungwa kwa mnyororo, na kando yake mizani iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo, ili yeyote apime tena alichonunua kabla hajaondoka. Mkebe wa kwanza nitaununua mimi.