Jumatatu ya Pasaka Perugia: Kokoa Wanaanikia Wapi?

 

Swali la haraka kabla hatujaenda mbali: Kwaresima hii uliacha nini? Wapo walioacha soda, wapo walioacha nyama siku zote arobaini, wapo waliojikaza wasifungue status za watu usiku. Huku Italia ninakosoma, ukiwauliza vijana, jibu utakalolisikia sana ni chokoleti. Wanaiaga Jumatano ya Majivu, halafu Pasaka wanaipokea kwa kishindo, maana huku sikukuu hii ina mayai ya chokoleti, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto, na ndani yake kumefichwa zawadi.

Jumatatu ya Pasaka ni siku ya mapumziko nchi nzima na watu hawakai nyumbani. Sisi mafrateri wanne tukapanda treni Roma kwenda Perugia, mji mkuu wa mkoa wa Umbria, uliokaa juu ya kilima na kujulikana kwa chokoleti. Mvua ilitupokea stesheni, ikatusindikiza kutwa nzima. Siku ya jua, ukiwa kule juu, unaiona Assisi ya Mtakatifu Fransisko ng'ambo ya bonde. Sisi tuliona ukungu. Mmoja wetu akasema Fransisko naye aliwahi kukaa Perugia bila kuona kitu, kwani alipokuwa kijana alitekwa vitani na watu wa mji huu, mwaka 1202, wakamfunga karibu mwaka mzima. Tulicheka, lakini viatu vilikuwa vimeshalowa.

Basi, chokoleti. Mwaka 1907 ilianzishwa hapa kampuni ya Perugina, na mmoja wa waanzilishi wake ni mama aitwaye Luisa Spagnoli. Mwaka 1922 akabuni kipande kidogo chenye karanga za Ulaya zilizosagwa ndani na karanga moja nzima juu, kikawa na umbo kama la ngumi. Jina la kwanza lilikuwa hilo hilo, ngumi. Baadaye wakaona haitakuwa vizuri mtu aingie dukani kuomba ngumi, wakakiita Bacio, yaani busu. Ndani ya kila karatasi kuna kijikaratasi chenye maneno ya mapenzi. (Wenzangu walivisoma kwa sauti barabarani. Mafrateri wanne kwenye mvua wakisomeana maneno ya mapenzi, watu walitutazama.) Spagnoli huyo hakuwaza utamu tu. Wanaume walipokwenda Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwanda kiliendeshwa na wanawake, naye anakumbukwa kwa kuwawekea akina mama hao mahali pa kulelea watoto wao pale pale kazini. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Nilimpiga picha ya dirisha la duka moja shangazi yangu aliyeko Kyela. Shangazi analima kokoa. Nikamwandikia kwamba leo niko kwenye mji unaosifika kwa chokoleti, na mvua inanyesha. Akanijibu kwa sauti: "Marahaba, Frateri, Pasaka njema mwanangu. Na huku mvua haijakatika, kokoa yote tumeifunika turubai. Sasa hao wenzetu na mvua hiyo, wanaanikia wapi?"

Jamani. Nilisimama chini ya baraza sina jibu. Yeye alifikiri kitu cha kawaida kabisa: mji unaosifika kwa chokoleti lazima uwe na kokoa, na mwenye kokoa siku ya mvua ana shida ya kuanika. Perugia haina hata mti mmoja wa kokoa. Hauwezi kuota huku, baridi itauua. Sifa iko hapa na mti uko kwingine.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona: tunda la kokoa huota kwenye shina lenyewe la mti. Unalikata kwa panga au kisu kwa uangalifu usijeruhi shina, unalipasua, ndani unakuta mbegu zimevikwa nyama nyeupe tamu yenye uchachu ambayo watoto huinyonya. Kisha unavundika mbegu hizo siku tano, sita au saba, kwenye masanduku au chini ya majani ya migomba, na kuzigeuza geuza. Bila kuvundika hakuna ladha ya chokoleti, hata ukiipeleka kwenye kiwanda cha namna gani. Halafu ndiyo unaanika. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania. Mvua inayoulisha mti ni hiyo hiyo inayoharibu mbegu juani: zikikosa kukauka vizuri zinapata ukungu, na mzigo wenye ukungu bei yake unaijua. Kwa hiyo mvua iliyotunyima sisi picha nzuri za likizo, kwa shangazi ni habari ya ada ya shule.

Sasa nirudi kwenye mfungo, maana kuna kisa ambacho sikuambiwa katekisimu. Karne ya 17, chokoleti ilipokuwa bado ni kinywaji, wasomi wa Kanisa walibishana sana kama kuinywa kunavunja mfungo. Usicheke, viliandikwa vitabu. Antonio de León Pinelo alitoa kitabu kizima juu ya swali hilo Madrid mwaka 1636. Wengine walisema inashibisha, kwa hiyo ni chakula. Kardinali Francesco Maria Brancaccio akatetea upande wa pili: ni kinywaji, na kinywaji hakivunji mfungo. Mimi nimesoma falsafa na ninapenda mabishano ya namna hiyo, swali la kujua kitu ni cha aina gani ni swali halali. Ila tazameni kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa bahari miaka hiyo hiyo: kokoa ya Venezuela ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Watu wa Mungu, wacha Mungu kabisa, walipima kikombe kwa makini, ni kizito kiasi gani, kina sukari kiasi gani. Mikono iliyoileta kokoa ndani ya kikombe haikuwa sehemu ya swali.

Na somo lilikuwa mbele yao, kama lilivyo mbele yetu. Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu tunasomewa Isaya 58. Watu wanamlalamikia Mungu, mbona tunafunga wala huoni? Naye anawaambia kwamba siku ile ile ya mfungo wanawabana watu wanaowafanyia kazi. Mfungo anaoutaka yeye ni kuwafungua waliofungwa kwa dhuluma na kumgawia mwenye njaa mkate. Hebu soma sura yote, ni fupi. Mfungo wa Isaya haukomi kwenye tumbo la anayefunga, unatoka nje kwenda kumtafuta mtu mwingine. Mimi nikiacha chokoleti siku arobaini na kisha nikairudia bila mtu yeyote kupata nafuu, nimefanya mazoezi ya utashi. Si mabaya. Lakini Isaya anaongelea kitu kingine.

Leo hakuna minyororo ya wakati ule, ila hesabu bado haijakaa sawa. Zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 wanafanya ajira ya utotoni kwenye kokoa katika maeneo ya kilimo hicho ya nchi hizo mbili. Panga, mizigo mizito, madawa. Wengi wako shambani kwa wazazi wao wenyewe, na wazazi hao si wakatili. Bei haiwatoshi kumlipa kibarua mkubwa. Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mama Spagnoli na watoto wa wafanyakazi wake. Aliwaona kwa sababu walikuwa mlangoni kwake. Mtoto wa shambani yuko mbali, na umbali unatusaidia sana kulala usingizi.

Mchana tuliingia kanisa kuu la Mtakatifu Laurenti kusali, na kwa kweli kukausha makoti. Askofu wa mji huu kuanzia mwaka 1846 hadi 1878 alikuwa Gioacchino Pecci. Miaka 32! Mwaka huo wa 1878 akachaguliwa Papa, akaitwa Leo wa 13, na mwaka 1891 akaandika Rerum Novarum, barua iliyosema wazi kwamba mfanyakazi anastahili ujira unaoweza kumtunza, na kwamba kukubaliana tu juu ya bei hakutoshi kuifanya iwe ya haki, kwa sababu mwenye njaa hukubali chochote. Alimtaja Mtume Yakobo, sura ya 5, kwamba ujira uliozuiliwa unalia na kilio cha wavunaji kinamfikia Bwana.

Nje ya kanisa kuna chemchemi ya karne ya 13 iliyochongwa na Nicola Pisano na mwanawe Giovanni. Nilidhani nitaona watakatifu na wafalme tu. Wapo. Lakini kuzunguka beseni la chini kuna miezi kumi na miwili, kila mwezi na kazi yake: watu wanavuna, wanapura nafaka, wanakanyaga zabibu, wanachinja nguruwe. Mji ulipopata maji, wenyewe wakawaweka wakulima katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa kanisa. Nilikaa pale na mwavuli wa kuazima muda mrefu kuliko dukani.

Kanisa hufanya vivyo hivyo kila Misa, nasi tunapitwa kwa sababu wakati wa matoleo tunatafuta noti mfukoni. Padre akiinua mkate anamshukuru Mungu kwa ajili ya ardhi, na hapo hapo anaitaja kazi ya watu. Haleti mkate kama kitu kilichodondoka mbinguni. Anamletea Mungu kazi ya mtu fulani. Kwa hiyo swali la shangazi, wanaanikia wapi, mimi naliona ni swali la altareni. Tena si la chokoleti peke yake. Wengi wetu chokoleti tunaila kwa mwaka mara moja, lakini chipsi tunakula, na shati la Jumapili lilifuliwa na dada wa kazi ambaye huenda mwezi wa pili huu hajalipwa, na yuko Misa ya kwanza ili sisi twende ya pili.

Injili ya Jumatatu ya Pasaka, Mathayo 28, ina makundi mawili yanayotoka kaburini. Wanawake wanakimbia kupeleka habari, na walinzi wanapokea fedha wanyamaze. Wote wawili waliona kaburi lile lile.

Shangazi nilimjibu jioni kwenye treni, kwamba hapa hawaaniki, kokoa inakuja imeshakauka kwa meli kutoka kwa watu kama yeye. Akacheka sana. Nimemnunulia Baci sita, nitampelekea nikija likizo Julai, nione atasemaje. Kwa sasa anaomba mumkumbuke katika rozari: anahitaji jua la wiki moja tu.